Tashkent, Tbilisi au Almaty? Kwa mwenye siku tisa tu za kuangalia majengo ya enzi za Soviet

Jamaa yangu mmoja anachora ramani za nyumba pale Dar, kaniandikia ana siku tisa za likizo na hela ya tiketi moja, anataka akayaone yale majengo ya zege ya enzi za Soviet kabla hayajapigwa nyundo au kuvalishwa vioo, sasa anauliza aende Tashkent au Tbilisi, na Almaty nayo kaisikia sikia mahali. Nilijaribu kumjibu kwa voisi noti nikashindwa, dakika kumi na mbili halafu bado niko kwenye utangulizi, kwaiyo bora niiandike tu. Miji yote mitatu nimefika, kwa nyakati tofauti, na mi sio msanifu majengo, ni mtu tu anayependa kusimama barabarani akashangaa ukuta.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Kwetu mzee yeyote aliyepelekwa kusoma kule tunasema "alisoma Urusi", hata kama miaka yote mitano alikuwa Tashkent, ambayo ni Uzbekistan, na kiangazi chake kinafika nyuzi 40 bila kukuomba radhi. Tbilisi nayo ni Georgia, Almaty ni Kazakhstan. Hii miji mitatu haiko Urusi. Ilikuwa mikuu ya jamhuri tatu tofauti ndani ya Umoja wa Kisovieti, ikafungiwa kwenye mfumo mmoja wa viwanda vya zege na mipango kutoka Moscow, alafu 1991 ikatoka kila mmoja kivyake na swali lile lile mkononi: haya majengo ni ya yule aliyetutawala au ni ya kwetu? Maana walioyachora wengine walikuwa wenyeji kabisa, waliobeba zege ni wenyeji, na waliozaliwa humo ndani ndo hao wanaamua leo kubomoa au kuacha. Ukiwahi kukaa kwenye maghorofa ya Michenzani pale Unguja, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, hili swali sio geni kwako.

Kigezo changu cha kulinganisha ni kimoja tu, na usipokipenda basi ushauri wangu wote hautakufaa: kwenye huo mjengo, nani anaingia leo, na anaingia kufanya nini. Bango la "urithi wa taifa" naliheshimu, ila nimeshaona mabango mengi yamegongewa kwenye milango iliyofungwa kwa mnyororo.

Tashkent

Alfajiri ya tarehe 26 Aprili 1966, saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu, tetemeko lilipiga chini kabisa ya katikati ya mji. Kwa namba halikuwa kubwa kivile, kama 5 na ushee, ila kitovu chake hakikuwa mbali na uso wa ardhi, na mji wa zamani ulikuwa nyumba za udongo tupu, ikawa balaa, watu kama 300,000 wakabaki bila pa kulala. Moscow ikaamuru jamhuri zote zitume mafundi, wakaja na mashine zao na paneli zao, kila kundi likajenga mitaa yake. Ndo maana Tashkent haina jengo moja moja la kutafuta, mji karibu wote ulimwagwa ndani ya miaka ishirini hivi na waliopewa kalamu walikuwa na ruhusa ya kujaribu chochote mradi jua na matetemeko yavumilike.

Na jua ndo limeuchora huo mji, sio itikadi. Nenda kasimame mbele ya Hoteli Uzbekistan ya mwaka 1974, ghorofa 17, imepinda kama kitabu kilichofunguliwa kikasimamishwa wima. Kwa mbali unaona kama kava lenye nakshi. Sogea sasa. Ile nakshi ni wavu mzito wa zege, wenyewe wanaita panjara, umesimama mbele ya madirisha kukinga jua, ni kitu cha zamani sana kwenye nyumba za mbao za huko ila hapa kimepanuliwa hadi kimekuwa uso mzima wa hoteli. Mi nililala upande wa mbele na asubuhi mwanga uliingia vipande vipande, shuka limejaa vivuli vya umbo la jani, na chumba hakikuwa cha moto hata kidogo mpaka saa nne. Ni yale yale matofali ya matundu tunayoweka kwenye ngazi na veranda upepo upite, ila wao wameyafanya makubwa kuliko mtu. Mambo mengine ya hoteli siyasemi, kapeti lina umri wake.

Chorsu sasa. Hili ni soko, kuba kubwa la vigae vya bluu na kijani la mwaka 1980, walichora Vladimir Azimov na Sabir Adylov, na kama una siku moja tu katika mji huu basi iishie humo. Chini kuna duara juu ya duara la meza: nyama ya ng'ombe, ya kondoo, ya farasi, kuna vidonge vyeupe vya maziwa ya mgando yaliyokaushwa na chumvi (vinaitwa qurut, kimoja kinakutosha mwaka mzima), kuna akina mama wa Kikorea wanauza karoti za kukatwa nyuzi nyuzi zenye pilipili, na ukiuliza Wakorea wamefikaje hapa unaambiwa Stalin aliwahamisha kwa nguvu 1937. Panda ngazi uende juu, kwenye kibaraza kinachozunguka, zabibu kavu na lozi, kisha egemea reli uangalie chini. Hapo ndo utaelewa kwa nini paa lilijengwa vile, joto na harufu ya nyama vinapanda vinapotelea juu na kelele inakuwa kama ya msikitini baada ya swala, nyingi ila haikuumizi. Mzee mmoja aliniwekea mkononi kokwa za aprikoti zilizochomwa kwenye majivu, akanionyesha jinsi ya kuzipasua kwa meno, akakataa hela, alafu nikanunua kilo nzima kwa aibu, ambayo nadhani ndo ilikuwa mpango.

Metro nayo ni makumbusho yenye nauli ya kitoto. Ilifunguliwa 1977, ya kwanza Asia ya Kati yote, na mpaka 2018 ilikuwa marufuku kupiga picha kwa sababu ilijengwa iwe pia pa kujificha bomu likidondoka. Shuka Kosmonavtlar, ya 1984. Kuta zake zinaanza na bluu iliyopauka zinaishia na bluu iliyokolea, kama unapanda angani, na kwenye medali za ukutani wapo wanaanga wa Soviet, Gagarin na Tereshkova, na pia Ulugh Beg, yule mtawala wa Samarkand aliyekuwa akipima nyota karne ya 15. Mtu aliyeamua kumweka Ulugh Beg pale alikuwa anaijibu Moscow kistaarabu, eti anga mmeanza kuiangalia lini.

Ila kilichonishika mimi ni nyumba ya kuishi. Inaitwa Zhemchug, yaani lulu, imekamilika 1985, kaichora mama mmoja msanifu, Ofeliya Aidinova. Shida aliyokuwa anaitatua ni hii: Wauzbeki wanakaa mahalla, mtaa wa nyumba zinazotazama ua, ua ndo sebule, watoto wa wote ni wa wote, sasa serikali inawaambia pandeni ghorofani. Yeye akasema sawa, tutapanda na ua wetu. Kila baada ya ghorofa tatu ndani ya jengo kuna ua wa pamoja, wa wazi, wenye uwanja wa watoto kucheza. Nilipanda na mwenyeji aliyenifahamu siku mbili tu kabla. Ghorofa ya nane sijui ya tisa, kulikuwa na supa ya mbao, kile kitanda cha kukalia cha kwao, baiskeli tatu za watoto, zulia linaning'inia kwenye ukingo na bibi analipiga kwa fimbo, vumbi linaruka mjini. Kiyoyozi kila dirisha, kingine kimechomekwa katikati ya nakshi ya zege bila huruma. Wataalamu watakwambia viyoyozi vimeharibu sura. Ni kweli, vimeharibu. Ila bibi anaishi.

Tashkent pia ina madhambi yake na usije ukadanganywa na vipeperushi. 2009 walikata ile miti mikubwa ya zamani ya bustani ya Amir Timur iliyo mbele ya hoteli, kivuli cha miaka na miaka, wakabaki na majani ya kumwagilia. Sanamu ya Shomahmudov, yule mhunzi na mkewe waliochukua yatima zaidi ya kumi wakati wa vita ya pili, ilikuwa mbele ya Jumba la Urafiki wa Mataifa, ikang'olewa 2008 ikapelekwa pembeni mwa mji, ikarudishwa baada ya rais Karimov kufariki. Na Dom Kino, nyumba ya watu wa filamu, ilipigwa chini kupisha mradi wa minara ya Tashkent City, pamoja na mitaa ya mahalla iliyokuwa jirani. Hilo la Dom Kino liliwauma watu sana na naona ndo liliamsha wengi.

Upande wa kulinda, hapa mlinzi ni serikali yenyewe. Kuna mfuko wa serikali wa kuendeleza sanaa na utamaduni, unaongozwa na Gayane Umerova, toka 2021 wanaendesha mradi wa haya majengo, wakaleta watafiti wakiwemo wa chuo cha Politecnico di Milano, wakachambua majengo zaidi ya 20 moja moja, wakayaombea hadhi ya urithi wa taifa, na sasa Tashkent ya kisasa iko kwenye ile orodha ya kusubiri ya UNESCO. Hata kwenye maonesho ya usanifu ya Venice 2025 banda la Uzbekistan lilikuwa kuhusu Heliokompleksi, nitaifikia. Faida ya mlinzi kuwa serikali ni kwamba akiamua, soko na metro na makumbusho vyote vinalindwa kwa mpigo. Hasara unaijua, aliyeandika orodha ndo yule yule mwenye tingatinga.

Tbilisi

Huku mlinzi ni mwenye hela, na hadithi zake ni tamu kuliko za Tashkent, nakubali.

Anza na ile Wizara ya Barabara. Ukiiona picha bila maelezo utadhani mtoto kapanga vipande vya domino juu ya kilima akasahau kuvikusanya: vitalu virefu vimelazwa vinapishana, kimoja huku kingine kule, vimebebwa na minara michache, na chini kilima kinapita kama hakuna kitu juu yake, majani na miti hadi karibu na mto. Wasanifu ni George Chakhava na Zurab Jalaghania, 1975. Chakhava mwenyewe alikuwa naibu waziri wa hiyo hiyo wizara, kwaiyo mteja na mchoraji walikuwa mtu mmoja, hakuna wa kumwambia "punguza". Wazo lake lilikuwa msitu: shina linagusa ardhi sehemu ndogo, matawi yanasambaa juu, ardhi inabaki ya wadudu na maji. 2007 ikapewa hadhi ya mnara wa taifa, mwaka huo huo Benki ya Georgia ikainunua, wakaitengeneza, mpaka leo ndo makao yao makuu. Na wameitengeneza vizuri, siwezi kuwasingizia, zege limesafishwa na umbo halijaguswa ukiacha nyongeza chache za chini.

Ila utaiona kwa nje. Ni ofisi za benki, una shida gani humo? Nilizunguka kilima chote, mlinzi akawa ananifuata kwa macho bila ubaya, nikapiga picha mpaka simu ikaisha chaji, nikaondoka. Saa nzima nimekaa na jengo bora kuliko yote niliyowahi kuliona na hakuna aliyeniuzia hata kokwa ya aprikoti.

Hoteli Iveria ndo nakusihi usiipite. Ilijengwa 1967, mnara wa zaidi ya ghorofa 20 katikati ya mji, kuchora kachora Otar Kalandarishvili, enzi hizo kulala Iveria ni jambo la kusimulia wajukuu. Vita ya Abkhazia, jimbo lililotaka kujitenga na Georgia, ikaja miaka ya 1992 na 1993, wakimbizi kwa mamia wakapewa vyumba vya hoteli, na kila familia ikaanza kuongeza nafasi kwa kuziba baraza yake, huyu kwa mbao, yule kwa bati, yule kwa nailoni na tofali mbili tatu. Baada ya miaka michache mnara mzima ulikuwa na uso wa viraka, nguo zimeanikwa juu mpaka chini, na watu wa Tbilisi wakipita wanausoma kama gazeti. 2004 wakalipwa dola 7,000 kwa chumba watoke. Jengo likavuliwa nguo zote likabaki mifupa, likavishwa vioo, 2009 likafunguliwa tena kama Radisson. Sasa niambie, hilo limehifadhiwa au halijahifadhiwa? Nguzo ni zile zile, jina limebaki, bwawa la kuogelea liko juu na mandhari ni ya maana. Mi nilikunywa kahawa pale chini nikawa najaribu kukisia dirisha lipi lilikuwa na bati.

Mbele yake palikuwa na jukwaa la matao ya 1983, wenyewe wakaliita "masikio ya Andropov", yule kiongozi wa Soviet wa wakati huo. 2005 likabomolewa. Ulikuwa wakati ambao kila kilichonuka Soviet kilikuwa kinatakiwa kiondoke, na jina la utani lile nadhani halikulisaidia.

Alafu kuna Kasri ya Harusi ya Victor Djorbenadze, katikati ya miaka ya 80, jengo la kufungia ndoa za serikali ambalo limekaa kama kanisa lililoota kwenye maji, kila ukuta umepinda. Baada ya uhuru tajiri mmoja mkubwa, Badri Patarkatsishvili, akaligeuza nyumba yake ya kuishi, akafariki 2008, baadaye likarudi kwenye sherehe. Ukibahatika siku ya tukio utaingia, siku nyingine utaliona juu ya kilima kama mimi. Na bwawa la Laguna Vere la 1978, lile lenye mozaiki, limekaa miaka limefungwa, hapo chungulia tu kwenye uzio.

Kipande cha Tbilisi kilichonigusa hakina mlinzi wala bango. Ni maghorofa matatu ya Nutsubidze, ya katikati ya miaka ya 70, yamepangwa mlimani moja juu ya jingine na yameunganishwa kwa madaraja ya juu kabisa, ili mtu wa mtaa wa juu asipande mlima kwa miguu, apande lifti ya jirani, avuke daraja, apande lifti nyingine. Yaani lifti ni barabara. Na kwa sababu ni barabara, unalipia, kuna kisanduku cha sarafu ndani. Sikuwa na sarafu. Nikabaki na noti yangu mkononi kama mjinga, mlango umefunguka umefungwa mara tatu, mpaka mama mmoja mwenye mfuko wa mikate akatumbukiza yake akanisogeza ndani kwa kiwiko bila kuniangalia. Tukapanda kimya, lifti inalia kama mlango wa ghala. Juu pale darajani upepo unapiga, kioo kimoja hakipo, zege limemeguka nondo inaonekana ina kutu, na huyo mama anakata mbuga na mikate yake kama mtu anayevuka sebule. Nondo ile ilinitisha kuliko nilivyomwonyesha.

Almaty, kwa kifupi

Sitaikalia sana maana kama ni tiketi moja sio chaguo la kwanza. Ni mji wa kupendeza, una milima ya theluji upande wa kusini na wenyeji wanaelekezana kwa "juu" na "chini", juu ni kwenye mlima, kama watu wa Moshi. Ulikuwa mji mkuu wa Kazakhstan mpaka 1997, mkuu ukahamishwa, na hilo kwa maoni yangu liliuokoa kidogo: hela ya minara ya kifahari ilienda Astana, Almaty ikaachwa na vitu vyake. Kuna Hoteli Kazakhstan ya 1977, ghorofa 26 na taji la dhahabu kichwani, iliwahi hata kuwekwa kwenye noti ya tenge 5,000. Kuna Medeu, uwanja wa barafu wa 1972 mlimani, unaingia na kuteleza kama una magoti ya kuaminika. Kuna mabafu ya Arasan ya 1982 ambayo bado watu wanaoga, na hilo kwa kigezo changu ni alama mia.

Kasri ya Lenin ya 1970, siku hizi Kasri ya Jamhuri, ilikuwa na paa zito la ajabu na mwanga mwingi chini yake. Kwenye ukarabati wa kuelekea 2011 wakaipachika vioo na kung'arisha, sasa inafanana na shoruumu ya magari.

Ila kuna Tselinny. Ni sinema ya 1964, jina linatokana na ile kampeni ya Khrushchev, kiongozi wa Soviet baada ya Stalin, ya kulima nyika zisizowahi kulimwa. Soviet ilipokufa ikapitia mikono mingi, ikawa hata klabu ya usiku. 2018, nyuma ya ukuta wa jipsamu, ikaonekana kazi ya Evgeny Sidorkin, mchoro mkubwa wa kukwangua kwenye plasta ambao watu walishaukatia tamaa. Mbao za jipsamu zimeung'ata huku na kule kwa mashimo ya skrubu. Sasa ni kituo cha sanaa cha binafsi, kimefunguliwa Septemba 2025, ukarabati kachora Asif Khan wa Uingereza, mchoro upo, sura ya mbele imekuwa mpya kabisa. Wenye msimamo mkali wanasema hilo ni jengo jipya lenye moyo wa zamani. Mi naona moyo ndo uliokuwa umepotea.

Sasa weka ubavu kwa ubavu

Kuingia ndani: Tashkent inashinda mbali. Soko, metro, makumbusho, hoteli ya kulala, sarakasi, yote mlango wazi. Almaty nusu kwa nusu. Tbilisi vitu vyake bora aidha ni benki, ni hoteli ya gharama, ni kilima chenye geti, ukiacha maghorofa ya watu ambayo huko unaingia kwa hisani ya mwenye sarafu.

Umbo, yaani ujasiri wa mchoro wenyewe: Tbilisi. Sina ubishi hapa, Wizara ya Barabara peke yake inaweka mezani kitu ambacho miji mingine miwili haina. Tashkent nakshi nyingi na akili ya hali ya hewa, lakini ukiwa na haraka majengo yake mengi utayaona maboksi tu mpaka usogee.

Miguu yako: Tbilisi ina vilima ila vitu viko karibu karibu na kona kuna mtu anauza mkate wa jibini. Tashkent barabara ni pana kama uwanja wa ndege, usijaribu kutembea kati ya kitu na kitu saa saba mchana wa Julai, utakufa na kamera shingoni. Tumia metro. Nenda Aprili au Oktoba. Almaty ni mteremko mmoja mrefu, kwenda chini raha, kurudi juu panda basi.

Kitakachokuwa hakipo ukichelewa: hapa ndo pagumu. Vya Tashkent vyenye majina sasa hivi vina ulinzi, hofu yangu ni mitaa ya kawaida, zile kuta za ubavuni mwa maghorofa zenye mozaiki za ndugu watatu akina Zharsky, vigae vya rangi vya nyota na pamba na komamanga, maana mtu akija kuweka plasta ya kuzuia joto na baridi anapaka juu yake na hakuna anayeandika popote. Tbilisi kinachokufa kinakufa polepole kwa kutu. Benki haitaanguka, lile daraja la Nutsubidze sijui.

Kwa mtu anayechora nyumba za kupangisha Dar kama huyu jamaa yangu, jibu naona liko wazi: Tashkent. Wizara ya Chakhava ataishangaa, ila hataitumia kesho kazini. Panjara ataitumia. Ua wa ghorofa ya tisa ataufikiria kila akipewa kiwanja kidogo na mwenye nyumba anayetaka vyumba kumi na nane. Na wenzake wa huko walikuwa na matatizo yake yale yale, jua, vumbi, hela kidogo, familia kubwa, na bosi aliye mbali asiyejua joto.

Siku tisa agawe hivi: sita Tashkent, moja kati ya hizo aende Parkent kuiona Heliokompleksi ya 1987, tanuri la jua mlimani, vioo 62 vikubwa vinafuata jua na kulitupa kwenye bakuli moja la vioo mpaka joto linapita nyuzi 3,000, ni maabara ila pia ni sanaa tupu, apange na dereva mapema asitegemee basi. Siku mbili na nusu aruke Almaty, Tselinny na Arasan na Medeu vinatosha. Tbilisi aiache kwa safari yake yenyewe, na akienda abebe sarafu. Ila kama moyo wake uko kwa ile benki na hajali kuingia, basi asahau yote niliyosema aende Tbilisi, kuna watu wa hivyo na nawaelewa.

Na Zhemchug asiende asubuhi. Aende jioni kuanzia saa kumi na mbili, watoto wakiwa wametoka shule na baba zao wamerudi, asalimie kwa assalomu alaykum na mkono kifuani, asitoe kamera mpaka akaribishwe chai. Lifti ikikwama, ngazi ziko upande wa nyuma.